Balbu Ni Zangu, Nyumba Ni ya Benki

Moseley, Birmingham
Oktoba 2025

Shangazi, na ninyi wote mnaosomewa barua hii hapo barazani Muheza:

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, ule mrefu ambao nusu ya kwanza ni jogoo. Unasema habari zimefika hadi sokoni kwamba mwanao nimenunua nyumba Uingereza, na tayari kuna watu wanauliza kama ina chumba cha wageni. Ngoja niwaeleze vizuri, maana naona nimetajirika huko bila mwenyewe kuarifiwa.

Tulichonunua ni ghorofa ya kati ya nyumba ya matofali mekundu iliyojengwa enzi za Malkia Victoria. Juu yetu anakaa kijana anayeruka kamba saa tano usiku. Chini yetu yuko bibi anayegonga dari kwa ufagio akidhani anayeruka ni sisi. Ardhi ni ya mtu mwingine kabisa, ambaye hatujawahi kumwona. Sisi tuna hati ya miaka 99, kama mwenye kiwanja huko kwetu, na mingi ilishatumika kabla hatujafika. Kuta ni za benki. Balbu tulinunua wenyewe, hizo ni zetu bila ubishi.

Na mtaa wenyewe sasa. Mwaka 2015 gazeti la Sunday Times liliitaja Moseley kuwa ndiyo sehemu bora ya kuishi mjini katika Uingereza nzima. Tangu siku hiyo hakuna muuza mkate wa hapa aliyelala njaa. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wakulima wanaleta mazao yao sokoni, kuna jibini, asali na mikate yenye ganda gumu la kutoboa fizi, na kwa bei ya mkate mmoja wewe ungerudi nyumbani na kiroba cha machungwa na chenji. Huwa tunakwenda. Tunasalimia watu, tunaonja jibini, tunaondoka. Kuna na bustani nzuri yenye bwawa, lakini imefungwa kwa kufuli na ufunguo ni wa wanaolipia kwa mwaka. Sisi tunatembelea Cannon Hill, kushuka mteremko kidogo tu. Mama mmoja tajiri, Louisa Ryland, aliwapa wananchi wa Birmingham eneo lile, likafunguliwa mwaka 1873, na mpaka leo halina kiingilio. Mungu amrehemu mama yule.

Deni la kadi lilianza na ndoa. Unakumbuka mahari ulivyoisimamia: tulitoa nusu, nusu tukaandikiana, na mbuzi mmoja tunadaiwa hadi leo na wakwe wanacheka tu. Serikali ya Mfalme haina utaratibu huo. Ili mke wangu aje anifuate, ada ya afya peke yake, kwa viwango vya kuanzia Februari 2024, ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa kila mwaka wa viza, na unailipa yote siku ya kuomba, kabla hujakohoa. Juu yake kuna ada ya viza yenyewe. Tukalipia kwa kadi ya mkopo. Riba ya kadi hizi kwa kawaida hupita asilimia 20 kwa mwaka. Ni wakopeshaji wa kausha damu walewale mnaowajua, ila hawa wamevaa tai.

Nyumba nayo ilikuwa imeshanuna. Huku ukichukua mkopo wa nyumba wanakufungia riba kwa miaka miwili au mitano, kisha wanaifungua na unakutana na dunia ilivyo. Desemba 2021 riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa bado asilimia 0.1. Kufika Agosti 2023 ilikuwa 5.25. Sisi tulifunguliwa mwaka huo wa 2023. Nilipoisoma barua ya benki nilidhani wamekosea wakaongeza marejesho ya yule anayeruka kamba.

Ndipo tulipokubaliana mimi na mke wangu: hili deni tulimalize kabla halijatumaliza. Kadi kwanza, kwa sababu ndiyo inayong'ata zaidi. Tulilihamishia deni lake kwenye kadi nyingine isiyotoza riba kwa muda fulani, kwa ada ndogo, tukalipa mpaka likaisha, na ile kadi mke wangu akaikata kwa mkasi wa kukatia samaki. Sasa tuko kwenye nyumba.

Nikupe hesabu, najua unazipenda. Tuseme umekopa pauni 150,000 kwa riba ya asilimia 5, ulipe kwa miaka 25. Kila mwezi unatoa kama pauni 877. Mwezi wa kwanza, katika hizo, 625 ni riba tupu. Deni lenyewe limeguswa na 252 tu. Mpaka umalize, riba yote itakuwa zaidi ya pauni 113,000. Lakini ukiongeza pauni 100 kila mwezi, unamaliza miaka minne na nusu mapema na unaokoa zaidi ya pauni 23,000. Ndiyo maana hamnioni na viatu vipya kwenye picha.

Usidhani benki inafurahi. Katika kile kipindi cha riba iliyofungwa, kwa kawaida wanakuruhusu kuongeza hadi asilimia 10 ya deni kwa mwaka. Ukizidisha, faini. Ndiyo, shangazi, soma tena: huku kuna faini ya kulipa deni haraka. Na ukiongeza, hakikisha umewaambia unataka miaka ipungue, siyo marejesho ya mwezi. Usiposema, wengine wanakupunguzia ya mwezi, unabaki nao miaka ileile mkitazamana.

Usiku wa mshahara naketi jikoni na simu. Naandika kiasi, nabonyeza. Programu inauliza: una uhakika? Nabonyeza ndiyo. Inauliza tena: kuna mtu amekulazimisha kutuma pesa hizi? Inaniletea onyo la matapeli lenye alama nyekundu, na mimi pesa nawatumia wao wenyewe! Siku nakopa, hakuna aliyeuliza kama nimelazimishwa. Walinipa kalamu na wakaniambia hongera.

Maisha yenyewe sasa. Mimi bado nabeba maboksi, yaani usiku nalea wazee, na mke wangu yuko jikoni hospitalini. Ndani tunavaa sweta, juu ya sweta kitenge, na mgeni akipiga hodi ndipo joto linawashwa, ili asije akatusimulia. Mita ya umeme ina kiskrini kinachoonyesha pesa zinavyokwenda. Mke wangu amekiweka karibu na birika, na mtu akijaza maji ya vikombe vinne wakati tuko wawili, kinamsemea.

Chakula tunanunua saa mbili usiku, na hapa lazima mnione. Dukani kuna rafu moja ya mwisho kabisa karibu na maziwa. Saa ile anatoka kijana na kimashine cha kubandika karatasi za njano: kuku anayeisha muda wake leo nusu bei, mkate robo bei. Waingereza ni watu wa foleni, lakini pale hakuna foleni, maana kupanga foleni ni kukiri umekuja kwa ajili ya rafu ile. Kwa hiyo mama mmoja mwenye koti la manyoya anasoma maelezo ya mtindi ambao hataununua. Mzee wa kilemba yuko kwenye siagi, anailinganisha siagi na siagi. Mimi nimeshika simu naongea na wewe, shangazi, na wewe wala hujui. Kijana akibandika ya kwanza, hakuna anayesogea. Akibandika ya pili, mama wa koti anapiga hatua moja. Akigeuka tu kurudi stoo, utadhani ngalawa ya samaki imetia nanga Deep Sea kule Tanga. Wiki iliyopita nilitoka na bata mzima. Hatujui kumpika bata, lakini kwa bei ile tungejifunza hata kumpika swala.

Halafu kuna kodi ya halmashauri. Septemba 2023 jiji hili lilitangaza rasmi kwamba haliwezi kumudu matumizi yake. Yaani siyo mimi tu. Aprili 2024 kodi ikapanda karibu asilimia 10, Aprili 2025 ikapanda tena asilimia 7.5. Na Machi 2025 wazoa taka wakaanza mgomo mzima, ukaendelea miezi na miezi. Panya wa Birmingham wakanenepa kiasi kwamba paka ndio waliokuwa wakitoa shikamoo. Jema moja lipo: kodi hiyo wengi tunailipa kwa mikupuo kumi, Aprili hadi Januari. Februari na Machi hakuna. Majirani zetu miezi hiyo wanakwenda Uhispania. Sisi tunaituma yote benki, na ile programu inatuuliza nani ametulazimisha.

Sasa nifikie jambo ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hii mikopo ya nyumba ya Waingereza, unajua ilianzia wapi? Hapa hapa Birmingham, kwenye upatu. Mwaka 1775 mwenye kilabu kimoja cha pombe, Richard Ketley, kilabu kikiitwa Golden Cross, mtaa wa Snow Hill, aliwakusanya wateja wake wakaanza kuchanga kila mwezi. Pesa zikitosha nyumba moja, mmoja anapata. Wanaendelea kuchanga mpaka kila mwanachama amepata yake, kisha chama kinavunjwa, kila mtu na hamsini zake. Ndicho chama cha kwanza cha namna hiyo kinachojulikana Uingereza. Mchezo mtupu, shangazi! Kijumbe, yule mkusanya pesa, alikuwa Ketley, na tofauti yake na wewe ni kwamba yeye aliuza na bia. Baadaye vikaja vyama visivyovunjwa, vikageuka kuwa mabenki, na hapo ndipo zilipozaliwa faini zangu.

Mabwana wa benki nao walikuwa jirani. John Taylor, tajiri wa vifungo aliyeanzisha benki na Sampson Lloyd mwaka 1765, familia yake ndiyo iliyokuwa na Moseley Hall, kilimani kwetu. Watu wenye hasira waliichoma nyumba ile mwaka 1791. Ugomvi ulikuwa wa dini na siasa, siyo wa riba, kwa hiyo msije mkanisingizia. Ilijengwa upya, na leo ni hospitali.

Na upatu haujafa. Wajamaika na wenzao wa Karibi waliokuja hapa miaka ya 1950 na 1960 walikuta milango ya mabenki imefungwa na mabango ya kuwakataa wapangaji weusi, wakachangiana kwa mchezo wanaouita pardner, na wengi walipata hivyo malipo ya mwanzo ya nyumba zao. Wapakistani wana kameti. Wasomali wana hagbadi. Rafiki yangu Mpemba, ambaye riba haikanyagi hata kwa bahati mbaya, alinunua kwa njia ya Kiislamu: benki inanunua pamoja nawe, unailipa kodi ya fungu lake huku ukilinunua kidogokidogo, na benki ya kwanza ya namna hiyo kwa wateja wa kawaida nchini ilifunguliwa 2004, makao yake makuu yakiwa hapa Birmingham. Kazini kwetu tuko mchanganyiko katika mchezo mmoja, na kijumbe ni mama wa Kijamaika ambaye ukichelewa siku moja hakutumii barua wala onyo jekundu. Anakutazama tu wakati wa chai. Hakuna aliyewahi kuchelewa mara mbili.

Zamu yangu ikifika, fungu lote linaingia kwenye nyumba.

Mihogo tunanunua kwa mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Kampala, Kiswahili chake kimepinda kidogo lakini kinatembea. Nilimwambia kwa majigambo kwamba nitakuwa nimemaliza deni kabla ya hamsini. Akaendelea kupima mihogo. Akasema, yeye nyumba yake ya Kampala haikuwa na deni hata la senti moja, na mwaka 1972 Amin alipowafukuza aliiacha na sufuria jikoni. Nikanyamaza. Akaniongezea muhogo mmoja bure, akasema lipa tu, lipa, ila usile ugali na chumvi kwa ajili ya matofali. Tangu hapo Jumapili tunanunua nyama ya bei kamili.

Kwa hiyo, shangazi, ombi. Wiki hii kadi tatu za michango ya harusi zimeingia kwenye simu yangu, na moja ni ya mtu ambaye mke wangu anaapa hatumjui. Sikatai kuchangia, nisipochangia nitazikwa na nani. Lakini kadi zije baada ya tarehe 28, mshahara ukiwa umeingia na benki haijaamka. Yule nisiyemjua mpelelezeni kwanza. Na kwa harusi ya binamu hiyo ya Desemba, waambie kamati waniandike single, siyo double. Mke wangu tutakuja naye, atakaa upande wa wapishi, ameshakubali.