Waraka kwa Jamaa wa Tanga Kuhusu Masomo ya Kijerumani na Sera ya Jamii

Sera ya jamii, ambayo Wajerumani huiita Sozialpolitik, ni taaluma inayochunguza jinsi dola inavyowakinga watu wake dhidi ya maradhi, uzee, ajali za kazini na ukosefu wa ajira. Haihusu, kama baadhi ya jamaa walioko Tanga wanavyoendelea kuamini, kusuluhisha ndugu wanaogombania mashamba ya minazi. Kuisoma taaluma hiyo sambamba na lugha ya Kijerumani, kama anavyofanya kijana wao katika chuo kikuu kimoja cha kaskazini mwa Ujerumani, kuna mantiki yake, kwani bima za jamii zinazosimamiwa na dola zilianzia huko: chini ya Kansela Otto von Bismarck ilipitishwa sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883, ya ajali mwaka 1884, na ya uzee na ulemavu mwaka 1889. Umri wa kupata pensheni ya uzee uliwekwa kuwa miaka 70, umri ambao wafanyakazi wengi wa viwandani wa zama hizo hawakuufikia, na hapo ndipo mwanafunzi anapoanza kuelewa kwa nini mwanasiasa aliyewapiga vita wasoshalisti kwa sheria maalumu aliweza kuwa mkarimu kiasi kile.

Nguzo ya mfumo huo ni Beitrag, yaani mchango, ambao hukatwa kwenye mshahara kabla mwenyewe hajauona, na mwajiri huongezea sehemu yake. Jamaa wanaombwa watafakari jambo hili kwa utulivu: hakuna kikao, hakuna kundi la WhatsApp, hakuna mweka hazina anayebandika majina ya wadaiwa saa tano za usiku, wala hakuna anayeahidi laki moja akaleta elfu ishirini na maelezo marefu. Mwanafunzi naye haandikishwi chuoni mpaka suala la bima yake ya afya liwe limekamilika, na swali la mjomba, la kwa nini kijana mzima alipie kila mwezi kitanda cha hospitali asichokilalia, lina jibu rasmi linaloitwa Solidaritätsprinzip, kanuni ambayo kwayo mzima humchangia mgonjwa na mwenye kipato kikubwa hulipa zaidi ya mwenye kidogo. Mjomba amejibu kwamba kanuni hiyo anaijua vizuri, kwa kuwa ameitekeleza kwa shemeji zake maisha yake yote.

Ugumu unaanzia kwenye lugha. Katika kishazi tegemezi, yaani sehemu ya sentensi isiyojitosheleza kimaana, Kijerumani hukisukuma kitenzi hadi mwisho kabisa, na kwa kuwa sheria za jamii zimejaa vishazi vya aina hiyo, kifungu kimoja huweza kumtaja mjane, kikaeleza umri wake, watoto wake, kipato chake na miaka aliyochangia marehemu mumewe, huku msomaji akiwa bado hajui iwapo mama wa watu analipwa au ananyimwa. Anayesinzia katikati humwacha mjane huyo njiani. Nomino zina jinsia tatu, na mzungumzaji wa Kiswahili, aliyekulia kwenye ngeli nyingi kuliko hizo, hana haki ya kulalamika, isipokuwa kwa jambo moja: ngeli kwa kawaida hujitambulisha kwa kiambishi, ilhali nomino ya Kijerumani mara nyingi hukaa kimya. Pensheni (die Rente) ni ya kike, mchango (der Beitrag) ni wa kiume, na posho ya watoto (das Kindergeld) si ya kike wala ya kiume, na asitokee jamaa wa kutafuta falsafa humo.

Saa nazo zina mtihani wake. Mjerumani akisema halb drei, yaani nusu ya tatu, anakusudia nusu saa kabla ya tatu yake, ambayo kwa Mswahili ni saa nane na nusu. Mwanafunzi kutoka Tanga hutoa nusu saa, kisha huhamisha saa sita, na akimaliza hesabu basi limekwisha kuondoka. Hata hivyo, katika ratiba za chuo muhadhara ulioandikwa alama c.t. huanza robo saa baada ya muda uliotajwa, maana yake taifa lenye sifa ya kutunza wakati limeruhusu wasomi wake kuchelewa, mradi wachelewe wote pamoja na kwa utaratibu. Mhadhiri akimaliza hapigiwi makofi, bali wanafunzi hugonga meza kwa vifundo vya vidole, na aliyelelewa kwa adabu za pwani, akisikia ukumbi mzima unabisha hodi, hujizuia kwa shida kuitikia "karibu".

Tukirudi kwenye sheria za jamii, nyingi zimekusanywa katika Sozialgesetzbuch, mkusanyo wa vitabu ambavyo namba zake zinafika 14, lakini kitabu cha 13 hakipo. Namba hiyo ilirukwa kwa sababu wapo watu wanaoihusisha na mkosi, jambo ambalo limempa shangazi faraja kubwa kuhusu Wazungu. Kutokana na vitabu hivyo ofisi hutoa Bescheid, yaani barua ya uamuzi, ambayo mwishoni humweleza mpokeaji kwamba ana mwezi mmoja wa kuwasilisha Widerspruch, yaani pingamizi, na pingamizi likikataliwa anaweza kwenda katika mahakama ya masuala ya jamii, ambako mdai wa mafao kwa kawaida hatozwi ada.

Kuhusu harusi ya Desemba, ambayo kamati imekwisha kumkadiria kijana huyo mchango bila kumshirikisha, kwa hoja kwamba yuko Ulaya, shangazi akiwa mweka hazina anaombwa atume maombi kwa maandishi, akiambatanisha bajeti kamili na maelezo ya zilikoishia fedha za harusi iliyopita. Uamuzi utatolewa kwa barua, na asiyeridhika atakuwa na mwezi mmoja wa kuwasilisha pingamizi.