Mjomba Ndani ya Betri

Minneapolis, mwezi wa Septemba

Shikamoo Mjomba,

Mkazamjomba hajambo? Goti lake limetulia? Sisi huku wazima wa afya, ila nyumba imegawanyika kwa ajili ya betri. Nakuandikia wewe kwa sababu katika ukoo mzima ni wewe tu uliyelala chumba kimoja na betri miaka yote ile kabla umeme wa REA haujafika kijijini, mkazamjomba akilalamikia harufu ya asidi, nawe ukimwambia avumilie kwa kuwa nusu ya kijiji wanachajia simu hapo.

Tumenunua trela. Usianze kuuliza kama nimeingia biashara ya malori. Ni kijumba cha magurudumu, kina vitanda, jiko la gesi, sinki na choo. Unakifunga nyuma ya gari unakivuta hadi msituni, unalala humo kwa hiari yako na kwa pesa yako. Ziko kambi zenye nguzo za umeme, unachomeka waya na hadithi imeisha. Lakini mkweo anataka Superior National Forest, juu kabisa karibu na mpaka wa Kanada, ambako kambi nyingi hazina umeme. Huko roho yako iko mikononi mwa betri.

Nilidhani adui atakuwa taa. Kumbe taa za siku hizi hazili kitu. Adui ni hita. Inachoma gesi, sawa, lakini joto linasukumwa na feni, na feni hiyo hula ampea 7 au zaidi. Mwisho wa Septemba usiku wa kule unaweza kuteremka chini ya sifuri. Feni ikizunguka nusu tu ya usiku wenye urefu wa saa 10, ampea-saa 35 zimekwenda. Weka pampu ya maji, simu za watu wote, na friji ambayo inajidai ya gesi huku ikidokoa umeme wa kujiwashia, unagonga 50. Hapo sijamtaja kitinda mimba wangu, anayetaka maikrowevu ya kutengenezea bisi. Nimempigia hesabu: kupitia inveta, maikrowevu inanyonya zaidi ya ampea 120 kwa mkupuo. Amenijibu kwamba bisi ni dakika tatu tu. Huyu atakuwa mwanasheria.

Sasa chukua N100 ya maji, aina uliyokuwa nayo. Ampea-saa 100, lakini ukipenda iishi unatumia nusu. Wewe hilo hukuhitaji kufundishwa. Nakukumbuka ukichomoa waya wa televisheni dakika ya 70, Simba na Yanga sare, watu wamejaa hadi mlangoni, unatangaza kwamba betri inakwenda kulala. Walikulaani wote. Hapa dukani nimeelezwa jambo hilohilo kwa michoro na rangi, na wakataka kuniuzia na kipimo cha kuhesabu ampea zinazotoka, wakati wewe ulikuwa unasikiliza tu mlio wa inveta.

Jirani yangu, mzee mstaafu, ni wa madhehebu ya risasi na asidi. Ana betri mbili za magari ya gofu, volti 6 kila moja, zimeunganishwa mfululizo zikatoa 12 na ampea-saa kama 220. Nusu yake ni 110, usiku mbili bila wasiwasi. Kila moja ina uzito wa karibu kilo 28. Anaziongezea maji ya betri kwa mkono wake, anazipima asidi, anazungumza nazo. Sitanii. Ananiambia teknolojia hii ni ya Mfaransa Gaston Planté, mwaka 1859, na kitu kilichodumu hivyo hakidharauliki. Amesahau kutaja kwamba betri hiyo ikiachwa nje wakati wa baridi bila chaji, maji ya ndani yanaganda na kupasua kasha. Ndiyo maana Januari nzima namwona akikanyaga theluji kwenda kuzichaji.

Kijana wa dukani ni wa lithiamu, ile ya chuma na fosfeti. Ampea-saa 100 kwa kilo 12 hivi, unaibeba huku unaongea na simu. Unaitumia karibu yote, wala haitoi gesi ya kukulazimisha kuiweka nje. Tena ndani ina sakiti inayokata umeme yenyewe kabla betri haijaumia. Yaani, Mjomba, wamekutengeneza mdogo wakakutia humo ndani, na huyo hata akichomoa dakika ya 70 hakuna wa kumlaani. Uvumbuzi wenyewe ulitoka Texas, 1997, katika maabara ya mzee John Goodenough, ambaye alipewa Nobel mwaka 2019 kwa kazi yake ya betri za lithiamu akiwa na miaka 97. Nawe bado kijana, endelea kufanya majaribio.

Kasoro yake ni moja, na kwa Minnesota si ndogo: haichajiwi ikiwa chini ya sifuri. Kutumia, tumia. Kuchaji, inaharibika moja kwa moja. Kwa hiyo nimenunua hiyohiyo na nimeiweka ndani, chini ya kitanda chetu. Mkweo ameuliza kama huu ni ugonjwa wa ukoo.

Nimebadilisha na chaja, maana ya zamani ilizoea risasi. Paneli ya wati 200 sikuipandisha juu ya paa, kule ni misonobari mitupu. Ina waya mrefu, na kijana wetu mkubwa ameajiriwa kuihamisha kufuata jua. Mshahara wake ni kuchaji simu.

Ujumbe wako wa "niletee moja" nimeupata. Haiwezekani. Abiria wa ndege haruhusiwi kubeba betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 100, na kwa ruhusa ya shirika 160. Hii ni 1,280. Mkazamjomba naye ameniandikia pembeni: nikija nisilete betri ya aina yoyote, nilete sufuria zisizoshika chakula.

Wako mtiifu,
Mpwa wako