Kibali Kitukuzwe

Watu wa pwani hatujaacha kitu bila kukisifu. Mnazi umesifiwa kuanzia mizizi hadi makuti, jahazi limesifiwa, kahawa imesifiwa, na Shaaban Robert, mtu wa Tanga kama mimi, alimwandikia Siti binti Saad wasifu mzima. Lakini sijamwona bado aliyekaa kitako akakisifu kibali cha ukaazi. Naiona ni dhuluma, na leo naiondoa.

Nazungumzia hasa kibali cha daraja C. Sheria ya Uhamiaji ya Tanzania ya mwaka 1995 ina daraja A la wenye mitaji na daraja B la wenye ajira. Tuliobaki tumeangukia C. Humo wamo wanafunzi, watafiti, wamisionari, watu wa kujitolea, wagonjwa waliokuja kutibiwa, wenye kesi mahakamani, na wastaafu. Aliyetupanga hivyo aliwajua binadamu. Mtu akishafika umri wangu hujikuta ni wote hao kwa mpigo: ana kesi ya mpaka wa shamba, ana miadi na daktari wa macho, analea wajukuu kwa kujitolea, na kila siku anasomeshwa upya namna ya kutumia simu.

Nilizaliwa Tanga. Nikaondoka msichana kwenda Uingereza kusomea uuguzi, nikawauguza wazee wa huko mpaka nikazeeka na mimi, na katikati ya safari hiyo nikachukua uraia wao. Siku nilipoapa, wa kwetu ukadondoka wenyewe, kwa kuwa Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Niliporudi na masanduku yangu nikawa mstaafu wa kigeni. Hapo ndipo kibali kiliponipokea.

Fadhila yake kubwa, nayo nitaieleza kwa kituo kwa sababu inastahili, ni kunifanya mgeni wa milele. Wahenga wetu walikuwa watu wema lakini wachoyo wa siku. Mgeni walimpa mbili tu. Ya tatu, jembe. Kibali kimewasahihisha. Kwanza, siku ya tatu haifiki. Kila muda wake unapokwisha naomba upya, naeleza upya mimi ni nani, naambatisha picha mpya, na muhuri mpya unanirudisha kwenye siku ya kwanza, bado na vumbi la safari miguuni. Nina wajukuu waliozaliwa wakanikuta mgeni, wakatembea, wakaota meno, wakaanza shule, na bibi yao bado hajafikisha siku mbili.

Pili, hata siku ya tatu ingefika, jembe nisingepewa. Kibali changu ni cha kukaa, si cha kufanya kazi. Mdogo wangu aliponiomba twende Muheza tukapalilie mihogo, nilimjibu kwa masikitiko ya moyo na furaha kubwa ya mgongo kwamba mimi ni mtii wa sheria. Aliniangalia kwa muda. Kisha akachukua jembe akaenda peke yake, raia yule, akitweta.

Tatu, hata jembe ningelipata, ningelima wapi? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imesema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Michungwa ya Muheza aliipanda marehemu baba, na mimi nilikuwa nambebea maji. Machungwa naruhusiwa kula. Nikitaka udongo ulio chini yake kwa jina langu, itanibidi nije kama mwekezaji, na mtaji wangu na mchanganuo wangu wa biashara, niwekeze kwa baba yangu. Basi shamba liko kwa jina la mdogo wangu, naye Mungu ambariki ni muungwana. Wapo wenzangu ambao wadogo zao si waungwana, na kesi zao ndizo zinazowapa sifa ya kuingia daraja C mara mbili.

Na ule msemo mwingine, kwamba mgeni aje mwenyeji apone? Nao umetimia kwa usahihi usio na kifani. Ada ya kibali imewekwa kwa dola. Mgeni anakuja, mwenyeji anapona.

Fadhila nyingine nitazipitia mbiombio. Kibali kimempatia riziki mpiga picha wa pasipoti, na mwenye mashine ya kutoa kopi ananiita mama mlezi. Kimenifundisha mpangilio, kwani nyumbani kwangu kila karatasi ina mwenzake wa akiba. Kimenipa pia cheo langoni mwa hifadhi za taifa. Ukienda Saadani utakuta bei ni za aina tatu: ya mgeni, ya mgeni mkaazi, na ya raia wa Afrika Mashariki. Mimi ni wa katikati. Nilikwenda na binamu yangu wa Mombasa, ambaye kabla ya siku ile hakuwahi kukanyaga mbuga ya Tanzania, naye akalipa kwa shilingi kama mwenyeji huku mimi wa Tanga nikifungua pochi ya dola. Alicheka mpaka Pangani.

Huyo binamu nitamrudia, maana naye aliuguza wazee Uingereza na ana pasipoti ya Uingereza. Lakini Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliwaruhusu raia wa kuzaliwa wa huko kushika uraia wa pili bila kuupoteza wa kwanza. Kwa hiyo yeye alirudi, akafungua mlango wa kwao, akavua viatu. Kutoka kwake hadi kwangu ni Lungalunga na Horohoro tu. Upande ule bibi mwenye pensheni ya Uingereza ni mwananchi aliyerudi kwao. Upande huu ni mgeni aliyekuja kupunga upepo.

Siku moja nilikwenda kwenye ofisi ambayo sitaitaja, kuhusu kibali hichohicho. Dirishani alikuwa kijana mstaarabu sana.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Mama, madhumuni ya kuja Tanzania ni nini?”

Nilitaka kusema: kuzikwa. Nikasema: kustaafu. Akaandika.

“Mahali pa kuzaliwa?”

“Tanga. Hospitali ya Bombo.”

Akainua kichwa. “Hata mimi ni wa Bombo, mama.” Tukafurahiana, tukaulizana ukoo, ikadhihirika shangazi yake tulisoma naye madrasa. Halafu akanikumbusha kwamba bado sijaambatisha uthibitisho wa uhusiano wangu na nchi.

Sina ugomvi na kijana. Karatasi ilimtaka aulize, akauliza, na shikamoo aliitoa kwa moyo. Ugomvi wangu uko meza ya pili, na hapa naomba radhi kama sauti ya sifa itakwaruza kidogo.

Meza ya pili ni ya kodi. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mtu ni mkaazi kama ana makazi ya kudumu nchini na amekuwapo sehemu yoyote ya mwaka, au kama amekaa siku 183 au zaidi katika mwaka, na kuna hesabu nyingine ya wastani wa siku 122 kwa anayekuja na kuondoka. Mkaazi hutazamwa kwa mapato yake popote duniani yalipotoka. Ni sawa, nami nataka barabara. Sheria imeweka hata huruma: mkaazi ambaye jumla ya ukaazi wake nchini haijazidi miaka miwili atatazamwa kwa mapato ya hapa tu. Sasa soma vizuri jumla hiyo inahesabiwaje. Inahesabiwa katika maisha yote ya mtu.

Maisha yote! Mzungu aliyeshuka jana kutoka Oslo anaanza na sifuri na kupewa nafasi ya kupumua. Mimi nikija, daftari linafunguliwa tangu nilipokuwa nabeba maji ya michungwa. Meza ya kwanza haiukumbuki utoto wangu hata siku moja: nathibitisha, naambatisha, naulizwa nimefuata nini. Meza ya pili inaukumbuka wote, shule ya msingi ikiwemo. Kwa kukaa ni mgeni, kwa kulipa ni mwenyeji. Na hizo meza mbili ni za serikali moja, zina picha ya Rais mmoja ukutani, na wenyewe wanasalimiana wakikutana kwa mama ntilie.

Norway, kwa taarifa yako, ina mkataba na Tanzania wa kuzuia mapato kutozwa kodi mara mbili. Sweden pia, na India, Italia, Zambia na nchi nyingine chache. Uingereza, iliyotutawala na ambako wengi wetu tumechakaa, haimo. Kenya wanao wa kwao na Uingereza, uliosainiwa mwaka 1973. Binamu tena.

Nisije nikaonekana nawaonea wa nyumbani tu. Kuna mahali mimi na binamu tunalingana sawasawa, napo ni London. Pensheni ya serikali ya kule huongezwa kila Aprili ili ifuatane na bei za vitu. Ukihamia Ulaya, Marekani, Jamaika, Ufilipino au hata Mauritius, ambayo iko bahari hiihii ya kwetu, nyongeza inakufuata. Ukihamia Kenya au Tanzania, au hata Kanada na Australia, inagandishwa pale ulipoikuta. Aliyehama mwaka 2016 na pensheni mpya kamili aliondoka na pauni 155.65 kwa wiki. Mwaka 2025 mwenzake aliyebaki alikuwa anapokea 230.25, na yeye ni 155.65 ileile. Bi Annette Carson, aliyehamia Afrika Kusini, aliipeleka serikali ya Uingereza mahakamani. Akashindwa London mwaka 2005, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Strasbourg ikasema anayeishi nje hayuko katika hali moja na anayeishi ndani. Michango yetu ilipokatwa kwenye mishahara, hakuna aliyetuuliza tutazeekea wapi. Utamu wenyewe ni huu: ukirudi Uingereza kutembea, kiwango kinapanda kwa muda uliopo huko, ukiondoka kinashuka. Nauli ya kulifuata ongezeko inalimeza ongezeko.

Wao pia hututumia fomu ya kuuliza kama bado tu hai, isainiwe na shahidi mwenye hadhi katika jamii. Usipoijibu, malipo husimama. Ya kwangu niliisaini kwa mkono thabiti.

Basi nikikusanya hesabu, kibali changu ni kiumbe kisicho na kosa. Waliokizunguka ndio wenye makosa. Kila mwaka tunaalikwa kwenye kumbi za hoteli, tunaitwa ndugu zetu wa diaspora, tunapigiwa makofi kwa fedha tunazotuma, tunaombwa tulete mitaji nyumbani. Nyumbani! Neno hilo hutamkwa kwenye kipaza sauti mara nyingi kuliko mahali pengine popote, halafu kesho yake asubuhi dirishani hakuna fomu yenye kisanduku chake. Uraia pacha tuliuomba tukachoka. Badala yake tukatajiwa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania. Ilizungumzwa katika mchakato wa Katiba wa mwaka 2014, ikazungumzwa tena na tena bungeni, na sasa imeanza kuingia kwenye sheria. Nawashukuru kwa dhati. Ila wazee hawana muda wa kusubiri kanuni za sheria, na kanuni za kanuni. Tuliorudi na viuno vibovu hatutaki upendeleo, wala shamba la mtu.

Ombi langu ni dogo na halina gharama. Meza ya kodi tayari ina daftari la maisha yetu yote. Iwaazime meza ya jirani.