Huku Hata Sofa Hutupwa kwa Miadi

Baba Mkubwa, shikamoo. Mama zangu wote wa Ngara, shikamooni. Mashemeji wa Biharamulo, hamjambo. Salamu yenu nimeifupisha makusudi, maana yule mbuzi wa mahari mliyemkataa eti amekonda bado namkumbuka.

 Dhumuni la barua hii kutoka Hamburg ni kuwajibu mnaoniuliza kila mkipiga simu: "Hivi huko Ulaya unafanya kazi gani hasa?" Kazi ya mshahara ninayo. Lakini kazi inayonitoa jasho ni kuchambua taka.

Uani kwenye ghorofa letu kuna mapipa manne. La bluu linakula karatasi, la njano plastiki na makopo, la kijani maganda na makombo. Jeusi linapokea kilichokataliwa na wenzake. Chupa za mvinyo na za jemu hazina nafasi hapo; unazibeba hadi mtaani kwenye makasha, nyeupe kwa nyeupe, kahawia kwa kahawia, kijani kwa kijani. Na usithubutu kwenda Jumapili wala usiku, kwa sababu chupa ikidondoka inapiga kelele, na Mjerumani akipumzika hata malaika sharti ashuke kwa kunyata.

Ghorofa ya chini anakaa mzee mstaafu. Cheo hana, ila mapipa yote yanamtambua. Juzi alimsimamisha kijana mmoja aliyeshika kikombe kitupu cha mtindi. Akakitwaa, akabandua kile kifuniko cha bati laini kilichokuwa kinaning'inia ubavuni, akakiweka kando, akamrudishia. Kisha akamwonyesha pa kuvitupa: kikombe kwenye pipa la njano, na kifuniko kwenye pipa hilohilo la njano. Kijana akahoji, kama pipa ni moja, ugomvi wa nini? Mzee akamfafanulia kama mwalimu wa zamu: kiwandani kuna mashine ya kutenganisha plastiki na alumini, na vikienda vimeshikana, mashine haijui kimoja kinaanzia wapi na kingine kinaishia wapi. Nilimwelewa. Ila nilijiuliza Baba Mkubwa angesema nini akiona kikombe kizima, hakijatoboka, kinaitwa taka. Kwetu kopo la Blue Band likiisha siagi ndipo linapoanza kazi: linapima karanga sokoni mpaka herufi zote zimefutika.

Sasa sikieni ya sofa. Mtanzania mwenzangu alikuwa anahama, na mwenye nyumba hapokei ufunguo mpaka chumba kiwe kitupu. Sofa ilikuwa imebonyea katikati, lakini miguu yote minne ilikuwa mizima. Huku ukitaka kuondoa kitu kama hicho unaomba miadi. Unaeleza: sofa moja ya watu watatu, kabati moja la milango miwili. Unapangiwa siku, na unalipa. Naam, unalipa ili uchukuliwe sofa yako! Ukiitelekeza kando ya barabara usiku, unatafutiwa faini. Pale Benaco, Ngara, sofa ikilala nje, asubuhi ina wenyewe watatu na kesi iko kwa mwenyekiti wa kijiji.

Na bado. Mamlaka ya usafi ya jiji hili ina duka lake, jina lake Stilbruch, lililoanza mwaka 2001. Vitu vilivyotolewa majumbani vikiwa bado vinafaa huuzwa humo: makabati, baiskeli, vyombo, vitabu. Yaani mmoja analipa kuondolewa kabati, mwingine analipa kulipata, na jiji linapokea kwa mikono yote miwili. Dalali wa Kahama akisikia habari hii atatundika picha ya meya wa Hamburg sebuleni.

Mama, hata maganda ya ndizi huku yana safari. Nyumbani kisu hakijarudi mezani mbuzi ameshayamaliza, na yaliyobaki yanaingia kwenye migomba. Huku yanapandishwa gari, yanapelekwa kiwandani, yanageuzwa mboji, halafu wenye bustani wanaenda kuinunua ikiwa kwenye mifuko. Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, na ushirikiano huo ulizaa kiwanda cha mboji kule Mabwepande, Kinondoni, kinachotumia taka za masokoni. Jambo jema, maana sokoni hakuna mbuzi wa kutosha. Lakini nilipolisikia niliwaza: Bibi kule Ngara amekuwa mtaalamu wa mradi huo maisha yake yote, na hajawahi kulipwa hata posho ya kikao.

Basi msije mkavimba kichwa, kwa kuwa ndipo ninapotaka kufika. Tulikuwa hodari wa taka wakati taka zenyewe zilikuwa na huruma. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda zaidi ya laki mbili walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu na Benaco ikageuka mji, nyote mliona misaada ilivyokuwa ikibadilishwa kazi. Bati la kopo la mafuta ya msaada likawa mlango, likawa koroboi. Shitingi ya UNHCR ikaanikiwa maharage. Kwetu taka ilikuwa ni kitu ambacho hakijapata fundi.

Lakini pampasi fundi wake nani? Chupa ya maji ya plastiki inaliwa na mbuzi gani akabaki hai? Na betri za redio, Baba Mkubwa, nakuomba unisikilize kwa utulivu. Najua utaratibu wako: zikizimika unazianika juani, zikigoma tena unazing'ata kidogo, redio inakohoa taarifa ya habari moja zaidi, ndipo unazitupa kibanjani. Zamani tulizipasua tukachanganya ule unga mweusi kupaka ubao wa shule. Kilichobaki kilienda shimoni, nyuma ya jiko, hatua chache kutoka kwenye migomba tunayokula.

Mashemeji wa Biharamulo nanyi hamjasalimika. Zamani basi lilikuwa halipiti pori lenu bila polisi wenye bunduki, kwa hofu ya majambazi. Leo basi likishatoka Lusahunga, abiria wanashusha vioo na kulishambulia pori wenyewe: chupa kushoto, chupa kulia, mfuko wa chipsi katikati. Tangu 2019 upande huo tuna Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Tunawaalika watalii waje kutazama twiga, halafu njia nzima tumewaandalia maonyesho ya chupa.

Msiniambie hatuwezi kubadilika. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na pale Rusumo tuliwaona watu wakivuliwa rambo zao mpakani, vitunguu vimekumbatiwa kifuani. Tulicheka sana. Zamu yetu ikafika tarehe 1 Juni 2019, na rambo zikatoweka madukani, tukarudi kwenye vikapu tulivyovisahau. Ilihitajika amri moja iliyo wazi, na muuzaji kuguswa kabla ya mnunuzi.

Hapo ndipo Wajerumani wamenishinda. Tangu tarehe 1 Januari 2003, chupa ya plastiki ya maji au soda inauzwa ikiwa na senti 25 za dhamana juu ya bei, kama shilingi mia saba za kwetu. Unairudisha dukani, mashine inaizungusha, inaisoma, inalia "pii", inakupa risiti ya pesa yako. Ukiiponda mpaka alama isisomeke, mashine inakutemea. Betri nazo: duka linalouza betri linabanwa na sheria kupokea zilizokufa, na boksi lake liko karibu na mlango. Sisemi hawa ni malaika. Wapo wazee wanaopita na tochi wakichungulia mapipa ya stesheni ili kuongezea pensheni kwa chupa, na waungwana huziacha chupa chini, pembeni ya pipa, mzee asichafue mikono. Lakini chupa haikai barabarani hata saa moja.

Na dhamana yenyewe hatuna haja ya kuifuata Ulaya. Nani kati yenu hajawahi kuzuiliwa dukani na soda ya chupa? "Nywea hapa hapa, au acha hela ya chupa." Watoto wa Ngara wote walilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Kreti tupu ilikuwa mali, na chupa ya kioo ilikuwa haionekani mtaroni. Ilipokuja ya plastiki, kiwanda kikabaki na faida, sisi tukabaki na chupa, na hakuna aliyeuliza hela ya chupa imeenda wapi.

Kwa hiyo naomba mawili. La kwanza ni la nyumbani: betri zilizokufa msizitupe chooni wala kibanjani. Wekeni kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na watoto na mbali na kisima, na mumbane bwana afya wa kata awaambie zipelekwe wapi. La pili ni la mkutano wa hadhara. Diwani na mbunge wakija, waulizeni barabara, waulizeni maji, lakini kabla hawajapanda gari waulizeni na hili: aliyetuuzia chupa ataichukua lini? Asiye na jibu asipigiwe vigelegele.

Ni mimi mtoto wenu,
Hamburg.