Barua ya Wazi kwa Wizara ya Elimu: Shukrani kwa Kuwaokoa Wanasayansi na Kinanda

Kwa Waziri wa Elimu,
Jogoo House,
Nairobi.

MINT: PONGEZI KWA KUWAKINGA WANAFUNZI WA SAYANSI DHIDI YA SANAA

Mheshimiwa Waziri,

Wazazi, walimu na wanafunzi wa shule za upili, hasa wale wenye tabia mbaya ya kupenda Fizikia na kinanda kwa wakati mmoja, wanaandika kuishukuru Wizara kwa kazi ambayo serikali zilizotangulia ziliianza zisiimalize. Watangulizi wako waliibana sanaa. Wewe umeihamisha mtaa.

Vijana wa leo hawajui hali ilikuwa mbaya kiasi gani. Chini ya 8-4-4, ambayo watahiniwa wake wa mwisho watafanya KCSE mwaka 2027, mwanafunzi wa kawaida hubeba masomo manane. Kiingereza, Kiswahili na Hisabati hayana mjadala. Anayetaka kuwa daktari au mhandisi huongeza Fizikia, Kemia na Baiolojia, na hapo ameshafika sita. Historia, Jiografia au somo la dini huchukua kiti cha saba. Kinabaki kiti kimoja tu, na mlangoni wamepiga foleni Kilimo, Biashara, Kompyuta, Sayansikimu, Kifaransa, Muziki, na Sanaa na Ubunifu. Anayepanga ratiba hulijua tatizo hilo, naye hulitatua kwa kuyatia masomo hayo katika kipindi kimoja, saa ileile, siku ileile. Aliyechagua Muziki ataiona Kompyuta kupitia dirisha akipita.

Hata hivyo, mwanya ulikuwepo. Kiti kimoja ni kiti. Kila mwaka wapo wakaidi waliopenya, wakafanya sayansi zote tatu na bado wakaingia darasa la Muziki. Ushauri walipewa, tena wa bure: wachukue Biashara, alama zake zinapatikana; waache mambo ya kuimba, kuimba hata kanisani kupo.

Masomo haya yanaitwa mepesi, kwa hiyo Wizara itaruhusu yaelezwe kidogo. Mtahiniwa wa Muziki ana karatasi tatu. Ya kwanza huifanya mbele ya mtahini: anapiga kipande alichokifanyia mazoezi kwa miezi, anapanda skeli na kuishuka, kisha anawekewa noti ambazo hajawahi kuziona na kutakiwa azisome papo hapo. Akikosea hakuna kufuta. Ya pili ni ya masikio: sauti inapigwa, naye anaiandika. Ya tatu ni ya nadharia, historia na uchanganuzi. Mwenzake wa Sanaa na Ubunifu ana karatasi ya nadharia, ya vitendo, na juu yake mradi anaouhangaikia kwa wiki nyingi, rangi zikimganda kwenye kucha, wakati mtu wa Biashara ameshajifunika blanketi. Ndio wepesi wenyewe.

Mwanya huo sasa umezibwa, na kwa ustadi. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu, penye mikondo mitatu: STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kila mwanafunzi ana Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na Mafunzo ya Huduma kwa Jamii. Kisha anachagua masomo matatu. Anayetaka Fizikia, Kemia na Baiolojia ahesabu vidole vyake: Fizikia, Kemia, Baiolojia. Vimekwisha. Foleni ya mlangoni haipo tena kwa sababu mlango haupo.

Wizara itasema, na itakuwa imesema kweli, kwamba sanaa haijawahi kupewa heshima kama hii. Kwa mara ya kwanza ina mkondo wake, wenye Muziki na Densi, Tamthilia na Filamu, na Sanaa ya Uchoraji, badala ya kubanwa katika kapu moja na useremala. Mtoto aliyezaliwa na kipaji na asiyetaka kingine amepata njia, na waandishi wa barua hii wanampigia makofi bila kejeli. Shida ni mtoto wa pili, yule anayetaka vyote viwili. Huyo ameambiwa achague mwenyewe atakatwa mkono upi, na kwamba uhuru huo wa kuchagua ndio mtaala unaozingatia umilisi.

Umahiri wa Wizara katika kulinda mpaka huu ulionekana Aprili 2025. Mpango wa awali ulikuwa umeiacha Hisabati nje ya masomo ya lazima katika sekondari pevu. Wananchi wakapiga kelele, na Waziri Julius Ogamba akatangaza kwamba Hisabati itasomwa na wote: ya kina kwa wana-STEM, na ya msingi kwa wengine. Uamuzi mzuri. Mchoraji anahitaji uwiano, mwanamuziki anahitaji sehemu na vigawanyo, na wote wawili watahitaji kujua wakala wao amewaibia kiasi gani. Ila hakuna aliyesikika akiuliza swali la upande wa pili: mwanafunzi wa Fizikia naye atapewa sanaa gani ya msingi? Hisabati ilipigiwa muhuri ivuke kwenda kwa wasanii. Sanaa haikupewa pasipoti ya kwenda popote.

Kuhusu idadi, Wizara haikuficha matarajio yake. Asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM, 25 Sayansi za Jamii, na 15 Sanaa na Michezo. Katika hiyo 15, mpiga zeze, mchongaji, mwigizaji, mkimbiaji na golikipa watagawana kindugu. Na kwa kuwa si kila shule ina uwezo wa kuendesha mikondo yote mitatu, zipo zenye miwili: STEM na Sayansi za Jamii. Uliokosa nafasi haukupigiwa kura, ulijulikana tangu mwanzo.

Hatua hii isingewezekana bila maandalizi mazuri ya sekondari msingi. Jopo la Rais la mageuzi ya elimu chini ya Profesa Raphael Munavu liliundwa mwaka 2022, na baada ya ripoti yake masomo ya ngazi hiyo yakapunguzwa hadi tisa. Watoto walikuwa wamelemewa, na mzigo ulipaswa kupunguzwa. Hakuna mzazi aliyebeba mkoba wa Gredi ya 7 atakayebisha. Kilichopunguzwa kinastahili kutazamwa. Uchoraji, muziki, uigizaji na mazoezi ya viungo vilikunjwa pamoja vikawa somo moja la Sanaa Bunifu na Michezo. Mwalimu wake anatarajiwa Jumatatu afundishe kivuli na mwanga, Jumatano melodi, Alhamisi kupokezana kijiti, na Ijumaa awe na sauti ya kutosha kuongoza kwaya ya gwaride. Akipatikana mwalimu wa namna hiyo, Tume ya Huduma za Walimu imfungie kabatini asiibwe.

Wazee watakumbuka kwamba njia hii imewahi kutembewa. 8-4-4 ilipoanza mwaka 1985 ilijisifu kuwa ya vitendo, na hata kwenye KCPE palikuwa na maswali ya sanaa, ufundi na muziki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mitihani ikapunguzwa na masomo hayo yakaacha kutahiniwa. Kwenye ratiba ya ukutani yalibaki. Yeyote aliyesoma shule ya msingi miaka hiyo anakijua kipindi cha Sanaa na Ufundi: mwalimu wa Hisabati aliingia, akafuta ubao, akasema, "Tuendelee tulipoachia."

Mheshimiwa Waziri, ni vyema pia kukiri kwamba nchi hii imewahi kuwa na watu waliopotoka. Edward Carey Francis alikuwa mwanahisabati wa Cambridge kabla ya kuja Maseno, kisha akaiongoza Alliance High School kuanzia 1940 hadi 1962. Hakuwa mtu wa mzaha, na hakuna aliyewahi kumshtaki kwa kudekeza wavivu. Ila katika shule ya mwanahisabati huyu, kila mwaka vijana walipanda jukwaani kuigiza Shakespeare. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo kati ya 1955 na 1958, ameyasimulia maonyesho hayo katika kumbukumbu zake, pamoja na utata wote wa kumfanya kijana wa Limuru avae taji la mfalme wa Kiingereza wakati wa hali ya hatari. Ukoloni ule ulilaaniwa ipasavyo. Lakini ratiba yake ilikuwa na nafasi ya mazoezi ya tamthilia.

Wapotovu wengine walitoka hospitalini. Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto, na riwaya yake ya kwanza, The River and the Source, ilishinda tuzo ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza kutoka Afrika mwaka 1995, kisha ikateuliwa kutahiniwa katika KCSE. Maelfu ya wanafunzi wa sayansi waliisoma kwa sababu fasihi ilikuwa ndani ya Kiingereza cha lazima na haikuwa na pa kufukuziwa. Yusuf Dawood alikuwa daktari wa upasuaji na kwa miongo kadhaa aliwaandikia wasomaji wa Sunday Nation safu ya Surgeon's Diary. Hatujapata malalamiko kwamba mshono wake ulilegea wiki alizoandika vizuri. Katika mpango mpya, Fasihi ya Kiswahili na ile ya Kiingereza zimepewa masomo yao kamili kama chaguo, upande wa Sayansi za Jamii. Daktari wa kesho atapita mbali nazo, na miandiko ya madaktari itabaki kuwa ile ya vyeti vya dawa.

Darasani kwenyewe hasara huonekana kwa vitu vidogo. Mwalimu wa Fizikia akifika kwenye mawimbi na sauti huchora uzi ubaoni kwa chaki, akaweka mishale, akawaambia wanafunzi wawaze unatetema. Nyatiti ya kwaya ina nyuzi nane halisi. Mwanafunzi angeweza kuukaza mmoja, akausikia ukipanda, akaugusa katikati na kusikia tofauti. Lakini nyatiti iko stoo, ufunguo wa stoo uko kwa mlezi wa kwaya, na mlezi wa kwaya yuko Gredi ya 7 akifundisha kupokezana kijiti.

Isidhaniwe kwamba serikali haipendi sanaa. Inaipenda mno, hasa siku za gwaride. Washindi wa Tamasha la Muziki hualikwa kumtumbuiza Rais, na hakuna mgeni wa heshima anayetua nchini bila kupokewa na ngoma. Wimbo wa taifa wenyewe ulitungwa mwaka 1963 na kikosi cha watu watano, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Dola ilipohitaji sauti yake, iliwaita walimu wa muziki.

Mapenzi hayo yana masharti. Mwaka 2013 wasichana wa shule ya upili ya Butere walihitaji Mahakama Kuu ndipo mchezo wao, Shackles of Doom, uruhusiwe kuonyeshwa. Mwaka 2025 shule hiyohiyo ilirudi na Echoes of War, mahakama ikaamuru tena wasizuiwe, na walipofika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa wakakuta vitoa machozi vikirushwa na mazingira wasiyoweza kuigizia. Wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Kwa maoni ya waandishi wa barua hii, hilo ndilo somo la Tamthilia lililofundishwa vizuri kuliko yote mwaka ule, na halikuhitaji mkondo.

Ugumu wa Wizara unaeleweka. Walimu wa sanaa ni wachache, kinanda ni ghali kuliko darubini ya plastiki, na taifa linahitaji wahandisi. Hakuna mzazi anayeomba mabomba yawekwe na washairi. Tena kijana wa sayansi hapungukiwi na kazi: anaamka kabla ya jogoo, analala baada ya prepo, na Jumamosi ana majaribio. Ndiyo maana sanaa akiipata huipata kwa kuiba, saa kumi na moja jioni nyuma ya bwalo, kwenye kwaya ambayo mwaka wa mwisho ataondolewa ili "ajikaze". Anachojifunza hapo hakiandikwi kwenye cheti, na chuo kikuu hakitakiona.

Kwa hiyo ombi ni moja. Mwanafunzi wa STEM anayetaka na anayeweza aruhusiwe kuongeza somo moja la sanaa juu ya yale saba, lifundishwe mchana kweupe, litahiniwe na Baraza la Mitihani, na lihesabiwe anapoomba nafasi ya chuo. Asiyelitaka asilazimishwe. Kila kaunti ianze na shule chache zitakazopewa mwalimu mmoja wa Muziki au Uchoraji kupitia Tume ya Huduma za Walimu, pamoja na chumba chenye kufuli ambacho ufunguo wake unapatikana. Wanafunzi wa Gredi ya 9 huchagua mikondo kabla ya mtihani wao wa mwisho. Jibu la Wizara liwafikie kabla hawajajaza fomu.