Sifa Njema za Zoezi la Nyumbani

Ng'ombe wamesifiwa, mashujaa wamesifiwa, hata Ziwa Nakuru na heroe wake limesifiwa hadi limechoka. Anayetafuta kazi ya kuandika programu ndiye anayejua kwamba kuna kiumbe ambacho hakijapata mshairi: zoezi la nyumbani. Huja kwa baruapepe baada ya mahojiano ya kwanza ya simu, limejaa adabu: “Tumefurahi kuzungumza nawe. Tafadhali tutengenezee mfumo mdogo wa michango ya chama. Wanachama walipe kwa M-Pesa, mhazini aone nani anadaiwa. Hautakuchukua zaidi ya saa nne.”

Fadhila zake hazihesabiki. Linaokoa nauli, maana Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi na foleni ya Kinungi haina huruma. Linafunza kukesha. Linamshusha mabega aliyetoka Egerton au Kabarak na digrii ambayo wino haujakauka.

Lakini fadhila kuu ni ukarimu. Dini zinahimiza mtu atoe bila kujitangaza, ila kwenye harambee kila mmoja anataka jina lake lisomwe kwa kipaza sauti. Zoezi la nyumbani limeyapita hayo. Mtoaji hana kazi, mpokeaji ana jengo la vioo Westlands, na jina la mtoaji halitajwi kabisa. Maskini kumchangia tajiri, usiku, kwa bando la kukopa: nionyesheni mtakatifu aliyewahi kufika hapo.

Tena sadaka yenyewe si ndogo. Chukua hayo malipo ya M-Pesa. Unaingia Daraja, mlango ambao Safaricom imewafungulia watengenezaji programu, unapewa namba ya majaribio 174379, unatuma ombi, simu inaleta kidirisha cha PIN. Mpaka hapo ni raha. Sasa majibu yanataka kurudi kwenye anwani ya HTTPS inayofikika kutoka nje, na kompyuta iliyo mezani kwetu Kiamunyi, Nakuru, haifikiki. Unatafuta njia ya kupitishia. Stima inapotea. Ikirudi, anwani imebadilika. Majibu mengine hayaji, mengine huja mara mbili, na usipoangalia, mwanachama anahesabiwa mchango maradufu. Nikatunga hata ujumbe wa kumtuliza anayesubiri: “Pesa zako zimefika Gilgil, bado kidogo.”

Mama akaamka kunywa maji, akanikuta.

“Kwani umeshaandikwa?”

“Bado, mama.”

“Sasa hiyo kazi ni ya nani?”

Nikamweleza kwamba wananijaribu tu.

“Wajaribiwe wao,” akasema, akarudi kulala.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya fasihi. Basi mimi ni mwandishi wa fasihi, mwenye miswada kila ofisi, ila msomaji sijui kama yupo. Kwenye mahojiano yanayofuata, zoezi halitajwi. Unaambiwa upindue mti wa data wa matawi mawili, tawi la kulia liende kushoto, huku watu watatu waliozima kamera wakikusikiliza unavyohema. Max Howell, aliyeanzisha programu ya Homebrew, alilalamika mwaka 2015 kwamba Google walimkataa kwa sababu ya mti huohuo, ilhali wahandisi wao walikuwa wakiitumia programu yake. Sisi wa Kiamunyi ni nani?

Na ninyi mnaotuma mazoezi haya, hebu niwaulize: kuandika “hapana” kunagharimu nini? Mtu amewapa wikendi yake yote, mnashindwa kumpa mstari mmoja? “Tutawasiliana nawe.” Lini? Fundi wa mageti pale mtaani Shabab hashiki chuma kabla ya malipo ya awali. Mwambieni awachomelee geti moja la bure kwanza, muone kama anaweza, atawafukuza na nyundo. Mimi mwenye digrii natuma, tena namalizia na “asante kwa nafasi hii”.

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Majuzi shangazi yangu, mhazini wa chama chao kule Lanet, alinipa simu yake. Wamehamia programu mpya ya kukusanya michango, ya kampuni fulani ya Nairobi, na pesa za mwenzao mmoja zimekwama.

“Hebu niangalizie hapa, wewe uliyesomea mambo haya. Eti zimefika Gilgil, bado kidogo. Ni mjinga gani aliandika hivi?”