Mgeni na Mlango

Mgeni akishuka bandarini Malindi, saa ya kwanza huwa ameshaijua Zanzibar yote. Saa ya pili ameanza kutueleza. Mji Mkongwe, anasema, umejaa mafumbo. Fumbo gani, na mwenye nyumba yupo barazani na kikoi chake, anasalimiana na kila apitaye? Hamwoni. Anaupiga picha mlango. Mlango una nakshi na misumari ya shaba, na bibi aliye ndani anangoja picha ziishe apate kutoka, samaki wa Darajani wasije kumwishia.

Kisha anavushwa Changuu kuona gereza. Kweli lilijengwa, miaka ya 1890, ila wafungwa hawakuletwa. Kisiwa kikawa karantini. Wenye kifungo leo ni kobe wa asili ya Ushelisheli, nao hawana haraka ya kukata rufaa. Mgeni anahuzunika hata hivyo. Nauli ya boti ameshalipa.

Jioni Forodhani anauziwa chapati iliyokunjiwa nyama na yai kwa jina la pizza, naye anasifu mapishi ya kale. "Ya kale sana, rafiki," muuzaji anaitikia, na bei inapanda kidogo kwa ajili ya ukale.

Kesho yake, mashambani Kizimbani, ananusa karafuu na kuvikwa taji la makuti. Hapo ameshakuwa mwenyeji. Anatuusia tusiuharibu mji kwa usasa: viyoyozi, kwa mfano, vinachukiza ukutani. Usia huo anautoa hotelini, dirisha limefungwa, baridi isitoke.